Bunduki za The A-Team: silaha za kweli, risasi zisizompata mtu

MLETA MADA

Wanajukwaa, heshima kwenu. Ninaomba tujadili silaha zilizotumika katika The A-Team, tamthilia ya mapigano na vichekesho iliyorushwa na kituo cha NBC cha Marekani kuanzia Januari 1983 hadi mwaka 1987. Kila inapotajwa, mazungumzo huishia kwenye minyororo ya dhahabu ya Mr. T, sigara nene ya Hannibal na gari lao la GMC lenye mstari mwekundu ubavuni, ilhali kitu kinachoonekana mara nyingi kuliko hivyo vyote mikononi mwa mashujaa hao wanne ni bunduki ambayo watazamaji wachache wanaifahamu kwa jina.

Kwa wasioijua hadithi yenyewe, ni kwamba makomando watatu wa Marekani waliopigana Vietnam wanahukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kosa la kuiba benki huko Hanoi, jambo walilolifanya kwa amri ya mkubwa wao. Wanatoroka gerezani, wanajificha Los Angeles na kuanza kuwasaidia watu wanaoonewa, huku jeshi likiwasaka. George Peppard alikuwa Kanali Hannibal Smith, Mr. T alikuwa B.A. Baracus, Dirk Benedict alikuwa Face, na Dwight Schultz alikuwa Murdock, rubani wao ambaye hakuhukumiwa na ambaye hutolewa kwa hila katika hospitali ya wagonjwa wa akili kila kazi inapopatikana. Waliobuni tamthilia hiyo ni Stephen J. Cannell na Frank Lupo.

Bunduki ninayoizungumzia ni Ruger AC556, na hasa toleo lake fupi lenye kitako cha kukunja na chuma cheupe kisichoshika kutu. Ni ndugu wa moja kwa moja wa Ruger Mini-14, ambayo kampuni ya Sturm, Ruger ilianza kuiuza katikati ya miaka ya 1970. Kama jina linavyoonyesha, Mini-14 ilifuata mpango wa bunduki ya kijeshi ya M14 kwa umbo dogo zaidi na kwa risasi ndogo zaidi ya milimita 5.56, ile ile ya familia ya M16. Tofauti kubwa ni kwamba Mini-14 ya raia hupiga risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, wakati AC556 ina swichi inayomwezesha mpigaji kuchagua risasi moja moja, tatu kwa mpigo, au mfululizo usiokatika hadi kidole kitoke kwenye kifyatulio.

Hapa kuna jambo la kuliangalia kwa makini. Kosa la benki ya Hanoi limewekwa mwaka 1972, na Mini-14 ilikuwa bado haijafika madukani. Kwa hiyo silaha waliyonayo si kumbukumbu ya vita walivyopigana. Askari wa Marekani wa Vietnam alibeba M16, na ndiyo tunayoiona katika tamthilia mikononi mwa polisi wa kijeshi wanaowafukuza. Mashujaa wamepewa silaha tofauti kabisa na ya wanaowasaka, inayong'aa juani ambapo M16 ni nyeusi, na mtazamaji anatambua upande wa mtu kwa kutazama tu alichoshika. Mimi naona huo ni uamuzi mzuri wa kisanii, hata kama ulitokea kwa sababu nyingine, kwa sababu katika mapigano yenye watu ishirini na vumbi kila mahali jicho linahitaji msaada.

Sasa tuje kwenye namna inavyotumika. AC556 hupiga takriban risasi 750 kwa dakika, yaani kama risasi 12 na nusu kwa sekunde, na magazini yake kubwa ya kawaida hubeba risasi 30. Gawanya mwenyewe: magazini nzima inakwisha kwa sekunde mbili na nusu, au pungufu kidogo. Ukitazama pambano lolote la kufungia sehemu ya tamthilia hiyo, utaona Hannibal au Face akipiga mfululizo kwa muda mrefu kuliko huo, kamera ikihama na kurudi, na bunduki bado ina risasi. Kubadilisha magazini, kazi ambayo askari hufundishwa hadi mikono iijue gizani, ni jambo la nadra sana kuliona.

Bunduki ya uzito wa takriban kilo 3 ikipiga mfululizo huinua mtutu wake juu, na ndiyo maana kitako huwekwa begani. Katika The A-Team kitako mara nyingi kimekunjwa, bunduki iko kiunoni, na mpigaji anatabasamu. Kwa kupiga namna hiyo, askari wa kweli hangetarajia kupata shabaha yoyote zaidi ya mita chache, na pengine waandishi walilijua hilo vizuri, kwa kuwa kutompata mtu ndilo lilikuwa sharti la kazi yao.

Tamthilia ilirushwa Jumanne saa mbili usiku, wakati watoto hawajalala, na kampuni ya Galoob ilikuwa ikiwauzia watoto hao hao wanasesere na magari ya The A-Team. Katika misimu yake ya mwanzo ilikuwa miongoni mwa vipindi kumi vilivyotazamwa zaidi Marekani. Kifo cha risasi mbele ya hadhira hiyo hakikutakiwa. Basi waongozaji wakatengeneza mbinu ambazo ukishazijua utaziona kila mahali. Mpigaji na anayepigwa huonyeshwa katika picha tofauti, karibu hawaonekani pamoja. Vumbi linaruka miguuni mwa adui kutokana na vilipuzi vidogo vilivyofukiwa ardhini, kisha adui anatupa silaha na kunyoosha mikono. Gari linapanda njia iliyofichwa, linapinduka hewani na kuanguka kwa paa, halafu kamera inasubiri hadi waliomo ndani watambae nje wakijipangusa, ili kila mzazi aridhike kwamba ni wazima.

Madai yangu ni haya, na ninayatoa nikiwa mtu anayeipenda tamthilia hii kwa dhati. The A-Team ilikuwa na uaminifu mkubwa kuhusu bunduki kama chombo, maana zilikuwa bunduki za kweli zenye sauti na moto wa kweli, lakini iliondoa kabisa mahali risasi inapofikia. Ingekuwa salama zaidi kwa mtoto kama silaha zenyewe zingekuwa za kubuni, kama zile za mianga katika hadithi za anga za juu, kuliko kumwonyesha silaha halisi inayouzwa dukani na kumfundisha kwa miaka minne kwamba haiui.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada, nakushukuru kwa maelezo ya kina, lakini nadhani unaipa tamthilia mzigo usiostahili. Hicho kilikuwa kichekesho, na kila mtazamaji alijua hivyo tangu dakika ya kwanza. B.A. anaogopa ndege, kwa hiyo katika kila safari wenzake wanamwekea dawa ya usingizi kwenye maziwa au chakula. Je, tuseme pia kwamba tamthilia ilifundisha watu kuleweshana? Katika sehemu moja wanatengeneza mzinga unaorusha kabichi ili kuwatetea vibarua wa shambani. Mtu anayetazama kabichi zikirushwa vitani hawezi kusema amedanganywa kuhusu vita.

MLETA MADA

Ndugu yangu, hoja ya kabichi inanisaidia mimi. Pale walipotengeneza silaha zao wenyewe, kwa mabomba, matairi, mitungi ya gesi na mashine ya kuchomelea waliyofungiwa nayo ghalani na adui asiyefikiri, ndipo tamthilia ilipokuwa na akili na furaha yake yote. Mzinga wa kabichi ni kichekesho kamili kwa sababu tunaona kabichi ikitoka, tunaona inampiga mtu, na tunaona imemfanya nini. Chanzo, njia na matokeo vyote vipo mbele yetu. Kwenye Ruger matokeo yamefichwa, na kicheko kinatokana na kufichwa huko.

Na kuhusu kwamba kila mtu alijua, naomba nikupeleke Miami. Tarehe 11 Aprili 1986, msimu wa nne wa The A-Team ulipokuwa bado haujakwisha, maofisa wanane wa FBI walilizuia gari la majambazi wawili wa benki katika barabara ya makazi ya watu. Mmoja wa majambazi hao, Michael Platt, alikuwa na Ruger Mini-14, ile ya raia, ya kupiga risasi moja moja. Mapambano yalidumu chini ya dakika tano, na kwa jumla zilipigwa risasi zaidi ya 100, idadi ambayo katika tamthilia hutumika kabla ya tangazo la biashara. Maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, waliuawa, wengine watano walijeruhiwa, na majambazi wote wawili walikufa. Platt alikwisha kupata jeraha lililoelekea kumuua mapema katika pambano hilo, lakini aliendelea kupiga, na bunduki yake ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya madhara kwa upande wa maofisa.

Risasi ya 5.56 hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mara mbili kasi ya sauti. Mlango wa gari hauizuii. Meza ya mbao haiizuii. Pipa tupu haliizuii. Hivyo ndivyo vitu ambavyo watu hujificha nyuma yake katika kila pambano la The A-Team na kutoka salama. Baada ya Miami, FBI ilifanya uchunguzi mrefu uliobadilisha bastola na risasi za maofisa wake, kwa sababu bastola walizokuwa nazo zilizidiwa na bunduki moja. Sisemi kwamba tamthilia ilisababisha tukio hilo. Platt alikuwa askari wa zamani na alijua vizuri alichokishika. Ninasema kwamba katika mwaka ule ule, familia moja ya bunduki ilikuwa na maisha mawili yasiyofanana hata kidogo, na watu wengi zaidi waliliona lile lisilo la kweli.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba kuuliza swali la kiufundi. Umesema zilikuwa bunduki za kweli zenye moto wa kweli. Ziliwezaje kupiga mfululizo mbele ya waigizaji bila kumdhuru mtu? Na je, ile rashasha kubwa ya B.A. nayo ilikuwa ya kweli?

MLETA MADA

Swali zuri, na nitalijibu kwa urefu kidogo kwa kuwa hapa ndipo kazi ya watunza silaha wa filamu inapoeleweka. Hutumia risasi baridi, yaani ganda lenye baruti lakini lisilo na kichwa cha risasi, ambalo mdomo wake umekunjwa au kuzibwa kwa karatasi ngumu ili baruti isimwagike. Tatizo ni kwamba bunduki kama AC556 hujipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi: kichwa cha risasi kikiwa njiani mtutuni, gesi iliyo nyuma yake hupenya tundu dogo, husukuma chuma kinachorudi nyuma, chuma hicho hufungua chemba, hutupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Pasipo kichwa cha risasi cha kuzuia gesi, shinikizo halitoshi na bunduki hukwama baada ya risasi moja. Kwa hiyo mtutu huzibwa kwa kizibo chenye tundu jembamba, ili gesi ibanwe na mashine iendelee kuzunguka.

Matokeo yake mnayaona kwenye kioo. Moto wa mdomoni ni mkubwa kuliko wa risasi halisi, na mrudisho ni mdogo sana kwa sababu hakuna kitu kizito kinachotupwa mbele. Ndiyo sababu mwigizaji anaweza kushika bunduki kiunoni kwa mkono mmoja, ikanguruma mfululizo, naye akabaki amesimama wima na nywele zake zimepangika.

Rashasha ya B.A. unayoikumbuka ni M60, silaha ya kweli ya jeshi la Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na iliyotumika sana Vietnam. Inapakiwa kwa mkanda, inatumia risasi kubwa zaidi ya 7.62, na ina uzito wa zaidi ya kilo 10 kabla hujaongeza mkanda wenyewe. Hii kwangu ndiyo silaha inayolingana zaidi na historia ya wahusika, kwa kuwa mtu wa umbo la B.A. aliyepigana miaka ile angeweza kabisa kuwa ndiye aliyeibeba kikosini.

Lakini naomba mtu asidhani kwamba risasi baridi ni mchezo. Mwezi Oktoba 1984, The A-Team ikiwa katika msimu wa tatu, mwigizaji Jon-Erik Hexum, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa Los Angeles akiigiza tamthilia nyingine ya mapigano iitwayo Cover Up. Wakati wa kusubiri, alielekeza bastola ya .44 yenye risasi baridi kwenye upande wa kichwa chake na kuvuta kifyatulio. Hakukuwa na kichwa cha risasi ndani yake, lakini kwa umbali huo gesi na karatasi iliyoziba ganda vilitosha kuvunja fuvu, na alifariki siku chache baadaye. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee alikufa kwa sababu kipande cha risasi ya maonyesho, yaani ile isiyo na baruti, kilibaki mtutuni, na risasi baridi iliyofuata ikakisukuma kama risasi ya kweli. Mwaka 2021 mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa New Mexico, filamu ikitengenezwa, kwa risasi halisi ambayo haikupaswa kuwapo kabisa mahali pa kazi, na mtunza silaha wa filamu hiyo alihukumiwa kifungo mwaka 2024. Kwa kulinganisha, misimu mitano ya The A-Team, pamoja na wingi wa risasi zilizopigwa, ni heshima kubwa kwa watu waliosimamia silaha zile, ambao majina yao hupita haraka mwishoni na hakuna anayeyasoma.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi nimefuatilia mjadala huu kwa utulivu. Ninachotaka kujua ni kama bunduki hiyo bado inauzwa, kwa sababu nimewahi kuiona Mini-14 ikitajwa katika habari za Kanada.

MLETA MADA

Mini-14 ya raia bado inatengenezwa na kuuzwa Marekani. AC556 ni habari nyingine. Tangu sheria ya mwaka 1934, silaha ya kupiga mfululizo Marekani lazima isajiliwe na serikali kuu na kulipiwa kodi maalumu, na mnamo tarehe 19 Mei 1986 sheria mpya ilifunga daftari hilo: raia hawezi kumiliki silaha ya namna hiyo iliyotengenezwa baada ya siku hiyo. Kwa hiyo AC556 zilizopo mikononi mwa raia ni zile za zamani tu, haziongezeki, na bei yake iko juu sana. Ni jambo la kutafakari kwamba sheria hiyo ilipita wakati tamthilia ilikuwa bado hewani, na mashujaa wakaendelea na bunduki zao katika msimu wa tano kana kwamba hakuna kilichotokea. Ingawa kwa watu wanaosakwa na jeshi, nakubali, usajili haukuwa shida yao kubwa.

Kuhusu Kanada, sababu ni nzito. Tarehe 6 Desemba 1989, mtu mwenye Mini-14 aliingia chuo cha uhandisi cha École Polytechnique mjini Montréal na kuua wanawake 14. Familia za waliouawa na wanafunzi walionusurika walidai sheria kali kwa zaidi ya miaka thelathini. Tarehe 1 Mei 2020, baada ya mauaji mengine makubwa katika jimbo la Nova Scotia, serikali ya Kanada ilipiga marufuku aina takriban 1,500 za silaha, na Mini-14 ilikuwa mojawapo. Bunduki ya aina hiyo hiyo ilitumika pia katika kisiwa cha Utøya nchini Norwei mwezi Julai 2011, ambako watu 69, wengi wao vijana, waliuawa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimesoma na nimeelewa unakotoka. Bado naamini kichekesho kina haki ya kuwa kichekesho, lakini habari ya Miami sikuwa naijua, na tarehe zake zimenigusa. Naomba basi utuelekeze: kuna sehemu zozote za tamthilia hiyo ambamo risasi inampata mtu na tukaona inachofanya?

MLETA MADA

Zipo, na kwa maoni yangu ndizo bora kuliko zote. Anza na "Black Day at Bad Rock" ya msimu wa kwanza. B.A. anapigwa risasi mguuni, wanalazimika kumtafuta daktari katika mji mdogo ambako genge la waendesha pikipiki linakuja, na yule bwana mkubwa asiyeogopa chochote isipokuwa ndege analala mezani akihitaji damu, ambayo kati ya wenzake wote ni Murdock peke yake anayeweza kumpa. Ugomvi wao wa siku zote unapata uzito mpya ndani ya dakika chache. Kisha tazama "Curtain Call" mwishoni mwa msimu wa pili, ambamo Murdock anajeruhiwa na wenzake wanakaa naye wakikumbuka yaliyopita. Sehemu kubwa imeundwa kwa vipande vya zamani, hivyo usitarajie mapambano mengi mapya. Na katika "The Sound of Thunder", inayofunga msimu wa nne mwaka 1986, Jenerali Fulbright, aliyekuwa akiwasaka, anapigwa risasi na kufa mbele ya kamera, jambo ambalo tamthilia ilikuwa imelikwepa kwa miaka mitatu. Tazama nyuso za Peppard na wenzake katika tukio hilo, kisha rudi kwenye sehemu yoyote ya kawaida ya msimu huo, uje utuambie humu kama mlio wa Ruger unausikia vilevile.